Hatua za Baba Zimekuwa Hatua za Muuaji

Shangazi mpendwa, shikamoo. Nisaidie, na tafadhali usicheke, maana najua wanaokuandikia wana mambo mazito ya ndoa na watoto, na mimi nakuja na filamu, tena filamu yenyewe hatujarekodi hata picha moja, iko kwenye karatasi tu, lakini imeshamuumiza mtu na mtu huyo ni baba yangu.

Niko sekondari na nina haya, haya za kweli, zile za kujua jibu darasani na kulitafuna moyoni mpaka mwingine ananyoosha mkono, analisema vilevile na kupigiwa makofi. Kwa hiyo klabu yetu ya filamu iliponiteua niwe mwongozaji nilitaka kukimbia, ila skripti ilikuwa yangu na wakasema aliyeizaa ndiye ailee. Ni filamu fupi ya kutia hofu. Msichana yuko peke yake nyumbani, anasikia mtu koridoni, mtu ambaye hatumwoni hata mara moja, tunamsikia tu: mguu unakanyaga, kitu kinagonga sakafu, mguu wa pili unaburutwa, shwaa, halafu tena, mpaka mlangoni kwake, hatua zinanyamaza, kisha kiganja kinagusa mlango taratibu, pa. Basi. Kila niliyemsomea alijikunyata.

Sasa nikwambie hizo hatua ni za nani. Baba ni fundi wa kuchomelea vyuma na alianguka kutoka kwenye paa la ghala, akavunjika nyonga, na tangu arudi kutoka hospitali mguu wake wa kushoto haukunjiki na anatembelea mkongojo. Mtaalamu wa mazoezi alimwambia atembee kila jioni bila kukosa, la sivyo mguu utakauka hivyo hivyo, basi anatembea koridoni, na kwa kuwa chumba changu ndicho cha mwisho, akifika anagusa mlango wangu kwa kiganja ndipo anageuka. Zamani baba alikuwa akitembea kwa kasi huku anapiga mluzi, ungesikia mluzi kabla ya miguu, na zile siku za mwanzo nilipokuwa kitandani nikisikia hiki kitu kipya kinakuja, gonga, shwaa, gonga, shwaa, niliogopa. Nilimwogopa baba yangu, Shangazi. Sijamwambia mtu yeyote ila wewe. Ndipo nikaandika.

Baadaye nilizoea, hata tukawa na utani wetu, akigusa mlango anauliza, "Bi Mwongozaji, umeshaua wangapi leo?" na mimi nampa idadi, naye anasema, "Bakiza hata mmoja wa kuosha vyombo," anaondoka akicheka. Aliwahi kuniuliza skripti inahusu nini hasa, maana nimeiandika kwa lugha ya shule ambayo yeye haisomi vizuri, nikamjibu, "Hadithi tu, baba."

Kosa langu ni hili. Tulipokuwa tunachora mpango wa picha, yaani visanduku vya kuonyesha kila picha itakavyoonekana na itakaa muda gani, nilihitaji kujua hatua zinachukua muda gani kutoka mwanzo wa korido hadi mlangoni, nikaweka simu sakafuni nyuma ya mlango na kumrekodi baba bila kumwambia. Nikawapelekea wenzangu. Mvulana wetu wa sauti, tunamwita Masikio, alivua spika za masikioni akanitazama kama aliyeona mzimu. "Umeitoa wapi hii? Huyu mtu ni hatari!" Nikasema nimeipata tu. Wakanisifu, na mimi ambaye sisifiwi mara nyingi nikazimeza zile sifa.

Mwalimu wa klabu hatoi kamera mpaka umpelekee mpango mzima: michoro, ratiba, ramani ya mahali pa kurekodia. Mahali ni kwetu, kwa sababu korido ya skripti ni korido yetu. Basi Jumamosi wakaja kukagua, mpiga picha wetu, dada mmoja asiyeogopa chochote, akalala kifudifudi sakafuni kutafuta pa kuweka kamera, Masikio anapiga makofi kusikiliza mwangwi, mimi nashika futi ya kupimia. Baba alikuwa chumbani kwake, nilidhani amelala na nikaomba alale mpaka waondoke. Mara zikaanza. Gonga. Shwaa. Masikio akaruka kwa furaha, akapiga kelele, "Ndiye! Muuaji wetu ndiye huyo!" alidhani nimecheza ile sauti kwenye simu kuwatisha.

Baba akatokea. Alikuwa amevaa shati lililopigwa pasi, Shangazi, amevaa kwa ajili ya wageni wangu. Akawatazama, akatazama mkongojo wake, akanitazama mimi. Halafu akasema, "Karibuni, wanangu. Kumbe muuaji ndiye mimi. Mmeshakunywa chai?"

Wote wakashusha pumzi wakacheka, na yeye akacheka kuliko wote. Mpiga picha akainuka akijifuta vumbi, "Baba, tusamehe, hatukujua." Akamjibu, "Hamkujua nini? Hata mimi mwenyewe nilikuwa sijui." Mimi nilikuwa nimeshika futi.

Kesho yake jioni sikusikia kitu. Nikadhani hajatembea. Nikafungua mlango kidogo nikachungulia na kumbe yumo koridoni, miguu ina soksi nene, ameng'ata mdomo, anaunyanyua ule mguu mbovu kwa nguvu usiburute, na chini ya mkongojo amefunga kitambaa usigonge, na kitambaa chenyewe ni kipande cha sketi yangu ya shule ya msingi. Hafiki tena mlangoni kwangu, anageukia bafuni. Na juzi ule mkongojo uliteleza kwenye vigae, akajishika ukutani, nikakimbia kumdaka naye akasema, "Niko sawa, mama, rudi kwenye kazi yako. Sitaki nikutishe." Nikarudi! Nilirudi chumbani kweli, kama mjinga. Mama nilipomfuata jikoni alisema, "Hayo ni yako na baba yako, mimi simo. Ila mkasi wa kukatia kile kitambaa aliniomba mimi, na alisema ni cha kufutia viatu."

Kwa lugha ya shule nasema pole na samahani kutwa nzima, zinanitoka kama kwikwi, lakini kwa lugha yetu ya nyumbani, mbele ya baba, mdomo unakuwa mzito. Na mpango unatakiwa wiki ijayo. Masikio anasema bila sauti ile hakuna filamu. Kisanduku cha mwisho bado ni cheupe, mpiga picha anataka mlango ufunguke tuone kisu, Masikio anataka giza tu, wananiuliza mimi mwongozaji nani yuko nyuma ya mlango na mimi sijui niseme nini. Je, nijitoe? Niifute sauti kimyakimya nijifanye haikuwepo? Au nimwambie baba kwamba ilikuwa namna ya kumsifu?

Ni mimi,
Mwongozaji Asiye na Mdomo

—

Mwanangu,

Marahaba. Sijacheka. Pale kwenye chai nilitabasamu, maana baba yako anajua kumwokoa mtu aliyezama, na aliyezama siku ile ulikuwa wewe.

Kabla ya filamu, kitambaa. Weka gazeti hili chini uende ukakifungue sasa hivi. Kitambaa juu ya vigae kinateleza kama sabuni, na nyonga ile haitaki kuanguka mara ya pili. Usimtume mama yako, ameshakwambia hayumo na amefanya vyema. Kifungue wewe, kwa vidole vyako, baba akiwa amekaa anakuona. Mdomo ukiwa mzito, usiulazimishe. Fungua fundo kwanza.

Sasa nikugombeze, maana umekuja mwenyewe. Kuandika kile kilichokuogofya si kosa, sijui mwandishi gani angebaki na kitu cha kuandika kama lingekuwa kosa. Kosa ni kumtegea simu mtu anayejikongoja kwa maumivu nyumbani kwake, kisha kumwacha apate habari zake kutoka kwa wageni, amesimama na shati lake la pasi. Hapo niliiweka barua yako pembeni nikanywa maji. Na wewe na futi yako mkononi! Futi hiyo ilikuwa na kazi gani wakati ule?

Haya, nimemaliza kugomba. Sogea karibu.

Unadhani baba amekasirika. Mtu aliyekasirika angewafukuza, angekukataza filamu, angeigonga ile fimbo yake sakafuni mpaka majirani wasikie. Yeye ameomba mkasi. Amesikia kwamba hatua zake zinamtisha mwanawe, akaamua kuzificha hatua. Na ubaya wake ni kwamba hakukosea, uliogopa kweli. Kwa hiyo usiende kwake na uongo wa eti ulikuwa unamsifu, ataujua kabla hujaumaliza. Mwambie ulivyoniambia mimi: kwamba ulizoea mluzi, mluzi ukanyamaza, ukaogopa kwamba baba aliyerudi si yule aliyeondoka. Unadhani yeye hakuogopa hivyo hivyo, siku ya kwanza aliposikia anavyotembea?

Nenda na skripti yako mkononi. Usimwachie mezani, haisomi. Keti naye umsomee kwa lugha anayokuitia "mama", ukurasa kwa ukurasa, ukiifasiri papo hapo hata kama utababaika. Babaika tu. Ukikwama kwenye neno muulize, atakupa. Kisha mvishe zile spika za masikioni asikie mwenyewe, na umuulize swali moja: tuitumie au tuifute? Halafu unyamaze, kazi hiyo unaiweza kuliko sisi wote, na umwache ajibu kwa muda wake.

Akisema futa, futa hapohapo anakuona. Masikio asikupigie kelele. Kama ana masikio ya kuitwa hivyo, atafute kiatu kikuukuu na mguu wa kiti aitengeneze sauti yake mwenyewe, ndiyo kazi aliyoomba. Akisema tumia, hiyo ya wizi futa vilevile, mrekodi upya akijua anarekodiwa, akiwa amekaa kwanza akapumzika, na jina lake kamili lionekane mwisho wa filamu pamoja na yenu. Na asichoke kwa ajili ya kamera, akisema basi ni basi, wewe ndiye mwongozaji, useme hivyo kwa sauti.

Kujitoa sikuruhusu. Wenzako waambie ukweli kabla mpango haujafika kwa mwalimu, maana wao pia walimcheka mzee wa watu bila kujua na wana haki ya kuja kumsalimia vizuri. Huwezi kusema mbele yao? Waandikie. Umeniandikia mimi nisiyekujua barua iliyonifanya ninywe maji, utashindwa kumwandikia mvulana anayeitwa Masikio?

Linabaki la kisanduku cheupe. Mimi filamu sijui, kisu au giza mtajua wenyewe. Lakini barua yako nimeisoma zaidi ya mara moja na nimeona kitu ambacho wewe umekiandika bila kukiona. Huyo mtu wa koridoni kila hatua inamuuma. Angeweza kugeukia dirishani, au sebuleni, au kwenye hilo bafu lenu, na mtaalamu wake asingejua. Alichagua mwenyewe mahali pa kusema nimefika, na mahali hapo ni mlango wako. Wewe umechora kiganja chake kwa nje. Kwa ndani hujachora mtu.

Basi leo jioni, mkongojo ukiwa hauna kitambaa, akianza kutembea, usilale kitandani na usichungulie. Simama nyuma ya mlango. Hatua zije na kelele zake zote, gonga na shwaa, akipitiliza lile bafu utajua. Zikinyamaza, usingoje kiganja.

Fungua.

Kuchora utachora kesho.

Shangazi yako