Valvu ya Bosi Tai

4 Machi

Kaka mpendwa,

Hujambo? Wifi na watoto hawajambo? Na mkono, bado baridi inauchezea?

Mimi mzima, ila nina jambo la leo asubuhi. Tai amekuja ofisini kwetu, hapa tunapouza valvu. Tai yule yule, meneja wako wa kiwanda cha karatasi, mliyempa jina kwa tai ya shingoni na kwa tai mla mizoga pia. Sasa ni meneja wa kiwanda cha sabuni, anatafuta valvu ya kudhibiti mvuke. Hakunitambua. Alipokufukuza nilikuwa bado shuleni.

Unajua anataka ipi? Ya kipepeo, ile sahani inayogeuka ndani ya bomba, na iwe pana sawasawa na bomba lenyewe. "Bomba kubwa, valvu kubwa," anasema, kama alivyowaambia ninyi. Kipepeo ni kizuri kwa maji mengi yasiyo na presha kali. Kwa mvuke wake kitashinda kimefungwa karibu chote. Kikifunguka kidogo kinamwaga mwingi, kinajifunga, kinamwaga tena, mpaka bomba zima linatetemeka. Nikimuuzia anachotaka sitakuwa nimemdanganya. Nitakuwa nimenyamaza tu.

Niambie la kufanya.

Mdogo wako


19 Machi

Mdogo wangu,

Salamu zimefika, na wifi yako anakurudishia maradufu. Mkono ni ule ule. Bado yeye ndiye anayenifungia vifungo vya shati.

Muuzie. Unauliza nini? Kipepeo chetu kilipotikisa bomba mpaka gasketi ya kuziba kiungo ikapasuka na mvuke ukanivaa, yule bwana alisimama mlangoni akawaambia wenzangu kwamba nilichezea mpini wa valvu. Barua ya kufukuzwa ilinikuta wodini. Hapa mtaani mpaka leo wananiita Mpini, nami huitika.

Muuzie kipepeo chake kimpigie ngoma mpaka wenye kiwanda wamuulize. Anayejichimbia kaburi usimnyang'anye jembe.

Kaka yako


2 Aprili

Kaka mpendwa,

Natumai hii inawakuta salama wote. Usinikasirikie kabla hujamaliza kusoma.

Nilikwenda kiwandani kwao kupima. Pale pale valvu itakapokaa pana kiti cha mwendeshaji, mama mmoja wanayemwita Mama Pacha, na sweta lake limetundikwa kwenye bomba likauke. Akaniambia, "Mwanangu, magoti yangu yamepapenda hapa, pana joto." Kaka, namtaka Tai aungue. Lakini mvuke hauulizi nani ni meneja.

Nikamwandikia waziwazi. Anunue ya kizibo, kinachoshuka taratibu juu ya tundu lake na kupitisha mvuke kwa kipimo. Iwe ndogo kuliko bomba. Na iwe na springi ya kuifunga yenyewe hewa inayoiendesha ikikatika. Alicheka. "Binti, mimi nimeshika valvu wewe hujaota meno." Amekwenda kununua kipepeo kwa wengine.

Mama Pacha nimemsihi ahamishie kiti nyuma ya ukuta. Tai simhurumii. Acha afike anakokwenda.

Mdogo wako


15 Aprili

Mdogo wangu,

Sisi wazima.

Nimesoma. Mtu aliyenifanya nishindwe kumbeba mwanangu, wewe umemwonya, tena kwa maandishi na kwa heshima zote. Usiniandikie kwa sasa.

Kaka yako


11 Agosti

Kaka mpendwa,

Sijui kama utaifungua hii. Wifi alinipigia akasema mko salama, nikashukuru.

Kipepeo kimefanya kazi yake. Kiligonga wiki kwa wiki, watu wakamlalamikia Tai, akawaambia ni ugeni wa mtambo. Mwezi uliopita kiungo cha bomba kiliachia, mvuke ukajaa chumba kizima. Mama Pacha alikuwa nyuma ya ukuta. Anasema kilichoiva ni sweta lake tu.

Wenye kiwanda waliikuta barua yangu ya onyo, wakaniita nikague. Nilipoifungua valvu, sahani ilikuwa imelika ukingoni kama mkate ulioonjwa na panya. Tai akanivuta koridoni. "Binti, andika tu kwamba yule mama alichezea mpini."

Maneno yale yale, kaka. Nikamwambia, "Kama yule wa kiwanda cha karatasi?"

"Wewe umemjulia wapi?"

"Nilikuwa namlisha uji wodini. Ni kaka yangu."

Nikamwacha pale pale. Nikarudi kumaliza ukaguzi.

Amesimamishwa kazi. Mwisho wa mwezi nawasilisha ripoti, na mkasa wako nimeuandika humo wote, kwa sababu valvu ni aina ile ile na mchaguzi ni yule yule. Ujue pia kwamba ameanza kuulizia unapoishi.

Mdogo wako


24 Agosti

Mdogo wangu,

Sisi wazima kabisa. Nilikununia, na wifi yako anasema nilinuna kama mtoto aliyenyimwa nyama. Yaishe.

Tai alikuja jana mchana. Alinitazama usoni mara moja tu, kisha akazungumza na miguu yangu. Nikamkaribisha ndani, nikamimina chai mwenyewe kwa mkono huu. Nyingine ikamwagika mezani. Akainuka kunisaidia, nikamwambia, "Kaa." Wifi yako, bila kuambiwa, akaenda kuita majirani, wakajaa chumbani.

Alisema ana watoto wanaosoma. Akaomba nikuambie uondoe habari zangu kwenye ripoti, kwamba za sabuni pekee zinatosha kumwadhibu.

Nikamwambia, "Kwanza waeleze hawa ni nani aliyechagua valvu iliyoniunguza."

Alikisogeza kikombe kando. Kisha akasema, "Ni mimi. Huyu hakugusa kitu."

Miaka yote nilidhani nikisikia maneno hayo nitapoa. Sikupoa. Nilitamani ayarudie, akayarudia, na bado nikatamani.

Akiwa mlangoni akauliza, "Basi utamwandikia mdogo wako?" Nikamwahidi kwamba nitakuandikia bila kukawia. Akanishukuru kwa mikono miwili, akaondoka ametulia.

Ahadi ni deni, ndiyo maana nimekuandikia. Usifute hata nukta.

Kaka yako