Salma Anaongea, Nuru Wangu Bado

Jumamosi. Mvua imenyesha tangu alfajiri, bonde la Jangwani limejaa maji, na mimi nina wivu. Naandika hivyo hivyo, bila kupamba.

Asubuhi nilimpeleka binti yangu Nuru mtaa wa Gerezani, kwenye kikao cha wazazi wa watoto wenye usonji. Nuru ana miaka tisa. Hajawahi kuniita mama. Kelele zikimzidi anajing'ata mkono mpaka damu inatoka, na sisi tunaishi Kariakoo, penye kelele mchana na usiku.

Mwenzangu Mama Salma ana binti wa umri huohuo, naye ana usonji. Lakini Salma anaongea. Leo alisimama akatutajia vituo vyote vya mabasi ya mwendokasi, kimoja baada ya kingine. Watu wakapiga makofi. Mama yake akafuta machozi, akasema, "Jamani, wanetu si wagonjwa. Ni zawadi. Tuwapokee walivyo."

Nilipiga makofi pia. Moyoni nilitamani Salma akosee kituo kimoja.

Kimoja tu.

Wakati wa chai Mama Salma akaniambia nisiwe na haraka na Nuru. Nikamjibu mbele ya watu wote, "Wako akiumwa tumbo anakwambia. Wangu alilia siku mbili, kumbe jino. Usinifundishe kupokea!"

Nikamshika Nuru mkono, tukatoka na mvua ileile.

Mtaa wa Msimbazi, spika ya muuza viatu ilimshinda. Akajitupa kwenye tope akipiga mayowe. Mama mmoja akapita akisema, "Mchape huyo, umemdekeza." Niliinama nimzibe masikio, akanigonga kwa kichwa, mdomo ukapasuka. Ana nguvu siku hizi. Namwogopa kidogo, na hilo sijawahi kumwambia mtu.

Mara nikasikia, "Kaka, naomba uzime spika, mtoto anaumia." Alikuwa Mama Salma. Alikuwa amemwacha Salma kwa wenzetu, akanifuata.

Spika ikazimwa. Akatufunika kwa mwavuli wake, yeye akilowa, mpaka Nuru akatulia.

"Mama Nuru," akasema, "Salma hana rafiki hata mmoja. Kila akitoka shule ananiuliza kwa nini wenzake hawamtaki."

Ningependa kuandika kwamba wivu uliishia pale. Haukuisha. Hata swali hilo nililionea wivu. Angalau Salma anauliza.

Nampenda Nuru alivyo. Lakini nisimame niuchekee usonji pale unapomtoa damu, hapana, siwezi. Na nimechoka kuona kama lazima nichague moja.

Kikao kijacho nitarudi. Nitamwomba Mama Salma radhi mbele ya watu walewale, kisha niwaambie kwamba nampenda mwanangu, na kwamba ni kazi ngumu.

Sijui kama nitaweza kuyasema yote mawili bila kulia.