Korosho za Mama Anastasia

Dada Neema,

Salamu kutoka Mahurunga, ambako joto limeninyima hata usingizi. Tumeleta kifaa cha majaribio, kisanduku kinachogeuza methanoli, spiriti ya viwandani, kuwa umeme wa kuwasha taa na kuchaji simu. Mimi ni karani tu, kazi yangu kuandika.

Tulimwachia Mama Anastasia, mkunga wa kijiji. Mtafiti wetu alimwambia, "Mama, hii ni spiriti tu." Chupa ya methanoli tuliyomwachia ilipoisha, na mzazi yuko kwenye uchungu, akamimina pombe kali ya mabibo. Kisanduku kikazima, hakijawaka tena.

"Si mlisema spiriti? Yangu inawaka kuliko yenu," alituambia akicheka.

Mtafiti hakucheka. Alinivuta pembeni. "Andika: mtumiaji alipuuza maelekezo. Kijiji kiondolewe kwenye majaribio."

"Lakini dokta, wewe ndiye uliyemwambia..."

"Karani, mkataba wako unaisha lini?"

Nikaandika, dada, kwa mwandiko ule ule mzuri ulionifundisha. Mama akatuletea ugali wa muhogo na kisamvu, kisha akaniuliza, "Mwanangu, umeniandika vizuri? Watatuletea kingine?"

Nikamjibu kwamba nimeandika.

Aliposikia nina dada mjamzito, akakufungia korosho. Utazipokea pamoja na kadi hii. Kula wewe, mimi zimenishinda kumeza. Mungu akujalie siku yako ikifika upate mkunga kama yeye, na taa.

Mdogo wako,
Yohana