Fomu ya Twiga Inataka Sahihi Mbili

Jumatatu, 6 Oktoba

Kuanzia leo wanafunzi wangu sita si wangu tena. Ni wetu! Mkutubi Mkuu ametuita ofisini, mimi na kijana wa kaunta, akatusomea karatasi: usimamizi wa pamoja. Kila mwanafunzi ana siku zake mbili za kazi kwa wiki. Asubuhi mpaka saa saba yuko nami huku chini, kwenye karakana ya vitabu. Saa nane mpaka saa kumi na moja yuko juu kwa kijana, kaunta ya kuazima na kurudisha. Katikati hapo ni chakula. Nikauliza, na hiyo saa ya katikati wakikorofishana wamlilie nani? Mkutubi Mkuu akacheka.

Kijana ni wa umri wa kitinda mimba wangu. Mpole, shati limepigwa pasi, na kila kitu chake kimo kwenye jedwali la kompyuta, hata zamu za kumwagilia ua lake la dirishani. Humu nitamwita Bwana Jedwali. Aliniamkia kwa adabu zote, halafu akasema, mama, tutakuwa tunawasiliana kwa barua pepe. Ngazi kumi na nane zinatutenganisha!

Miaka ishirini na miwili nimesimamia wanafunzi peke yangu. Hakuna aliyewahi kukatwa kidole, na watatu kati yao leo ni maprofesa. Basi. Tuone.

Jumanne, 7 Oktoba

Siku ya Twiga. Jina walimpa wenzake kwa sababu anafikia rafu ya juu bila ngazi. Mwaka wa tatu, anasoma hesabu, ana ulimi. Leo kaniuliza, bibi, hiki kibanio ni cha zamani kuliko wewe? Nikamwambia kibanio kina adabu kuliko yeye.

Kweli ni kizee, hicho chuma cha kubania vitabu. Nyuzi za parafujo zimelika, kila baada ya dakika chache chuma kinalegea. Ukishaweka kitabu chenye gundi mbichi, lazima ukae hapo ukikaze, ukikaze tena, saa nzima na zaidi kwa kitabu kinene. Ukikiacha, mgongo unakauka umepinda, na hapo huna dawa. Kwa hiyo kanuni yangu ni moja tangu siku ya kwanza: aliyepaka gundi haondoki mpaka ikauke.

Leo alifunga kamusi ya tiba, kurasa elfu moja na mia mbili. Mikono yake! Haina papara. Saa saba nilimwacha kibanioni nikaenda kula.

Alhamisi, 9 Oktoba

Dada yangu kapiga simu kutoka nyumbani. Bado naita nyumbani, miaka arobaini na mmoja sasa. Anauliza lile lile: unarudi lini? Nikamwambia nina vitabu mia tatu kwenye foleni. Akasema, na wewe mwenyewe uko foleni ya nani? Ana maneno huyu mwanamke. Tukacheka, kisha salio lake likaisha.

Simu ilipokatika nilikumbuka rafu ya baba, mlango wa chumba ukiwa wazi. Vitabu vilibaki vyote siku niliyoondoka. Nilitoka na kimoja tu, tena kisicho na jalada. Ufundi huu niliuanzia hapo, kwa unga wa ngano na kitambaa cha gauni.

Twiga leo: atlasi mbili. Aliziweka kibanioni zikiwa zimebaki dakika kumi kufika saa saba.

Jumanne, 14 Oktoba

Mvua. Karakana inanuka kama mbwa. Twiga kamaliza juzuu la sheria lililokuwa limepasuka katikati – huoni hata mahali pa jeraha. Nimemsifu mbele ya wenzake, na mimi sisifu ovyo. Miwani, yule mchekeshaji wetu, akasema, bibi kaishiwa na matusi, jamani, tumpeleke hospitali.

Jumatano, 15 Oktoba

Nimeikuta fomu mezani. KUACHISHWA KAZI. Jina la Twiga! Sababu: kutohudhuria zamu mara tatu, tarehe 7, 9 na 14. Chini kuna mistari miwili – msimamizi wa kwanza, msimamizi wa pili. Wa pili, Bwana Jedwali, ameshasaini, mwandiko mzuri. Wa kwanza ni mimi.

Nilisoma nikiwa nimesimama. Nikasoma tena nimekaa. Tarehe saba! Si ndiyo siku ya kamusi?

Nikafungua daftari langu. Mimi huwa siandiki saa. Naandika kitabu, kazi iliyofanywa, na mkono wa nani. Tarehe saba, kamusi, Twiga. Tarehe tisa, atlasi, Twiga. Jana, juzuu la sheria, Twiga. Alikuwa kibanioni mara zote tatu. Kwa kanuni yangu.

Ngazi kumi na nane nilizipanda bila kupumzika. Nikaweka daftari juu ya kibodi ya Bwana Jedwali. Soma! Akasoma, masikini, kwa makini. Akasema sheria mpya inataka kila mtu agonge kwenye simu kuonyesha amefika, ndani ya dakika kumi za mwanzo wa zamu. Akipitisha, mfumo unaandika hakuwepo, hata kama atafika saa nane na robo na kufanya kazi mpaka jioni. Na Twiga alifika. Kila mara alifika, akihema.

"Sasa si umeona alikuwa wapi?"

"Nimeona, mama. Lakini hiki ni kitabu. Mfumo unataka saa."

Halafu akanionyesha, kwa upole unaoudhi kuliko ukali, kwamba sheria hiyo alinitumia tarehe sita. Na kwamba nilimjibu: Asante, nimepokea.

Ni kweli. Nilijibu. Sikuisoma! Kurasa kumi na moja, ya kwanza ina picha ya watu wanaotabasamu mbele ya kompyuta. Mimi, ninayesoma hata maandishi ya kwenye boksi la sabuni!

Akasema alifanya kazi kwenye kaunta hiyo hiyo alipokuwa mwanafunzi, miaka mitatu, hakuchelewa hata siku moja.

"Ulikuwa na bosi mmoja," nikamwambia.

Nikachukua daftari langu nikashuka.

Alhamisi, 16 Oktoba

Twiga kaja asubuhi, macho yamevimba, lakini ulimi upo. Nikamuuliza kwa nini hakusema. Kasema, bibi, nilidhani mmeshaongea. Nyinyi wakubwa mkishapanga, nani aende kuuliza? Halafu kasema hakutaka kutugonganisha. Na kwamba alipima: kaka wa kaunta anaweza kusamehe, mgongo wa kitabu ukipinda hausamehe.

Anavyopima vizuri, na alivyokosea.

Fomu ikipita, chumba kinaondoka. Vyumba vya lile bweni la nyuma ni vya wanafunzi wafanyakazi peke yao. Siku kumi na nne, atoe vitu vyake. Mitihani ni baada ya siku ishirini na tano. Kwao ni mbali, basi linachukua siku nzima na nusu. Alinieleza yote haya huku akifuta kibanio, hakuniangalia. Kisha akasema, bibi, saini tu. Wewe mtu mzima, usiingie matatani kwa ajili yangu.

Nikamwambia afute na upande wa chini.

Nilishawahi kupewa siku za kutoka mahali. Tatu. Karatasi ile nayo ilikuwa na sahihi mbili, na wote wawili walikuwa watu wapole, mmoja wao alinipa maji ya kunywa. Sitaweka jina langu chini ya siku za mtu mwingine. Hata ziwe mia!

Nilichofanya: nimechukua rula na kalamu nyeusi. Juu ya mstari wa sahihi nimechora mstari mwingine, nikaandika kichwa chake: KOSA LA MSIMAMIZI. Nikajaza. Kwamba mwanafunzi alikuwa kazini kwa amri yangu siku zote tatu. Kwamba niliijibu sheria bila kuisoma. Kwamba onyo, kama lipo, ni langu, na nipewe yote matatu. Nikaambatanisha nakala za daftari. Mahali pa sahihi nimepaacha peupe.

Saa sita nikaitwa juu. Mkutubi Mkuu ameishika fomu kwa ncha za vidole kama nepi.

"Mama, umeichafua."

"Nimeijaza."

"Haina nafasi hiyo."

"Ndiyo maana nimeichora."

Akavuta pumzi. Akafunga mlango. Akaanza kunisifu – hapo nikajua. Miaka ishirini na miwili, mchango wangu, heshima yangu. Mkataba wangu, akasema, unahuishwa mwaka hadi mwaka kwa sababu umri umeshapita, na Desemba siyo mbali. Tusiharibu mwisho mzuri.

Nikamuuliza nani kamwambia namalizia.

Kesho kamati itaamua, akasema, saa nne. Nikatoka. Ngazi nilizishuka nikishikilia ukuta, naandika ukweli, na hakuna aliyeniona. Isipokuwa Miwani, aliyekuwa anapandisha toroli. Kwa mara ya kwanza hakuwa na mzaha. Akanishika mkono mpaka chini.

Ijumaa, 17 Oktoba

Naandikia nje ya chumba cha mikutano, kwenye benchi la mbao lenye mguu mfupi. Saa nne na nusu.

Tuliingia sote: mimi, Bwana Jedwali, Twiga. Watu watano mezani. Mwenyekiti, mwanasheria wa chuo, akasoma zile tarehe tatu. Twiga akasimama, akasema, nilichelewa, naomba radhi. Nikamwambia kwa sauti akae! Mwenyekiti akaniambia sijapewa nafasi. Nikasema nimesubiri nafasi maisha yangu yote, hii moja nitajipa. Nikaeleza kibanio, gundi, kamusi. Mzee mmoja mwembamba, wa idara ya kemia nadhani, akauliza ni gundi ya aina gani. Alitaka kujua kweli! Mwenyekiti akamkatiza.

Halafu swali: siku hizo, saa nane, nani alikuwa msimamizi wake? Mimi na Bwana Jedwali tukajibu pamoja. Mimi. Kila mmoja, mimi. Mwanasheria akaandika kitu, akakifuta.

Tumetolewa washauriane. Twiga kaenda kunawa uso. Katibu katoka sasa hivi, kasema kamati itamsikiliza msimamizi mmoja tu, neno la mwisho, dakika mbili, na neno lake ndilo litakalohesabiwa. Tukubaliane ni nani. Karudi ndani.

Bwana Jedwali ameketi upande wa pili wa benchi. Likiinama kwangu, yeye anapanda. Hajagusa simu tangu tulipotoka. Kaniuliza naandika nini. Nimemwambia, mahudhurio. Kacheka kwa pua.

Anajua nitakachosema mimi. Atakachosema yeye sikijui. Sahihi yake bado iko pale chini ya fomu, na shati lake limelowa kwapani.

Nimemuuliza: unaingia wewe, au mimi?

Kafunga kifungo cha shingo.

"Tunaingia wote, mama."

"Wamesema mmoja."

"Nimesikia."

Kitasa kinageuka. Kasimama, kaninyooshea mkono niinuke, na mimi bado naandika.