Ndiyo, Hapana, Haihusiani

Jumapili, 3 Machi

Nimeshinda! Naandika hapa kwa sababu nyumbani hakuna anayetaka kusikia.

Mafumbo ya Jumapili kwa wifi, kama kawaida. Wifi ndiye hakimu: anatoa fumbo, sisi tunauliza, yeye anajibu kwa maneno matatu tu — ndiyo, hapana, haihusiani. La leo: mtu kaingia chumbani, taa hakuwasha, kafungua kabati lililojaa mashati, katoa jekundu alilolitaka. Kajuaje? Mwalimu (mume wangu, mtaa mzima unamwita hivyo kwa kuwa anafundisha udereva) akasema mashati yote yalikuwa mekundu. Mimi nikasema huyo mtu ni kipofu, shati lake analijua kwa kupapasa vifungo. Wifi akatoa jibu: ilikuwa mchana. Mchana! Nikapinga. Jibu langu lina mtu ndani yake, la kwake lina dirisha tu. Tukabishana mpaka wifi akanyoosha mikono, pointi akanipa mimi.

Hapo Mwalimu akawaka. Eti kila fumbo lazima awemo kipofu, kana kwamba watu wengine wameisha duniani. Eti hakuna cha kuchekesha hapo. Mtu mzima kununa kwa ajili ya shati! Asiyekubali kushindwa si mshindani, nikamwambia njiani.

Na tulirudi kwa miguu tena. Gari letu zima kabisa, limekaa tu uani linakula vumbi.

Jumatatu, 4 Machi

Kanuna rasmi. Chai kanywa, asante hakusema. Nikauliza kama leo atachelewa kurudi. "Haihusiani." Nilicheka mpaka chai ikanipalia. Haya, bwana, mchezo na uchezwe! Chumvi imezidi kwenye mayai? Ndiyo. Bado una hasira? Hapana. (Mwongo.) Na hilo ndilo shati la kwenda nalo kazini? Ndiyo. Lilikuwa na doa la dawa ya meno kifuani, kubwa, hata mtoto angeliona. Nikanyamaza. Akaenda nalo hivyo hivyo. Kisasi kitamu jamani.

Dukani leo mteja kaleta miwani iliyokaliwa na mama mkwe wake. Akasema ilikuwa bahati mbaya. Mama mkwe alikuwa nyuma yake, akasema haikuwa bahati mbaya. Nimenyoosha fremu, kicheko nikakimalizia stoo.

Jumatano, 6 Machi

Leo sijui niandikeje.

Mchana duka lilikuwa kimya, tukawa tunakula. Bosi (ndiye anayepima macho; mimi ni wa nyuma, nasaga lenzi na kuzitia kwenye fremu) akataka fumbo. Bosi anapenda mafumbo kuliko chakula. Nikajitungia langu papo hapo, la kumcheka Mwalimu tu. Mwalimu wa udereva ana gari zima, lina mafuta. Wiki nyingi sasa haliendeshi. Anatembea kwa miguu kwenda kazini na kurudi. Kwa nini?

Bosi akaanza. Kanyang'anywa leseni? Hapana. Anapunguza kitambi? Nikacheka — hapana, kitambi anakipenda. Ana mwanamke njiani? Hapana!! Anapita njia ya mkato? Hapana, ile ndefu, isiyo na magari. Usiku anatembea? Hapana, jioni anawahi kurudi, giza halimkuti nje. Anagongagonga vitu? Ndiyo, nikasema, mlango wa kabati, meza, mimi mwenyewe. Nilikuwa bado nacheka.

Bosi akaweka kijiko chini. Akauliza: anaona vizuri?

Nikafungua mdomo niseme ndiyo. Haikutoka. Hapana nayo haikutoka. Mwenye fumbo ndiye anayetakiwa kujua jibu, nami nimekaa pale kama mteja.

Akauliza kama kwenye ukoo wao yupo mwenye shida ya macho. Baba mkwe. Presha ya macho. Ilimla kidogo kidogo kuanzia pembeni, hakugundua mpaka ikawa imechelewa, akafa haoni hata mkono wake. Bosi akasema ugonjwa huo hupita kwenye damu, watoto wake wote walitakiwa kupimwa zamani. Na uwezo wa kuona uliokwisha kupotea haurudi, ila uliobaki unaweza kuokolewa ukiwahiwa. Akaanza, "Mficha maradhi…" Nikamwambia asimalizie.

Nasaga lenzi za mji mzima! Mganga hajigangi, sawa, lakini hata mume wake?

Alhamisi, 7 Machi

Nimeshindwa kumwuliza. Nimemfulia lile shati.

Jumamosi, 9 Machi

Nimemwuliza.

Alikuwa anamenya viazi, mimi nakata vitunguu, kwa hiyo machozi yangu yalikuwa na kisingizio. Nikasema nina fumbo, yeye awe hakimu. Mtu ana gari lakini anatembea. Akaendelea kumenya. Ndiyo, akasema. Gari lina kasoro? Hapana. Yeye ana kasoro? Haihusiani. Inahusiana, nikasema, hakimu usiibe. Kisu kikasimama. Ndiyo.

Pembeni? Ndiyo.

Macho yote mawili? La kushoto zaidi, akasema, na mchezo ukaishia hapo, maana hilo halimo kwenye yale maneno matatu. Yakamwagika yote. Siku moja mwanafunzi wake alifunga breki kwa ajili ya mtoto mwenye baiskeli, na yeye Mwalimu, aliyekaa pale pale na breki yake ya akiba mguuni, mtoto hakumwona kabisa. Mwanafunzi alidhani anajaribiwa. Akapewa sifa! Tangu siku hiyo Mwalimu anafundisha alama za barabarani darasani, barabarani kamwachia mwenzake, kasingizia mgongo. Akipimwa macho akafeli, kazi imekwisha. Na hiyo kazi ndiyo anayoijua.

Nikamwambia nimekasirika. Nimekasirika kweli! Wiki zote hizo nalala na wewe kitanda kimoja, kazi yangu ni macho, na hukuniambia?

Akasema: "Ndiyo maana. Wewe ningekuambia asubuhi, jioni ungekuwa umeshapata jibu. Mimi sikutaka jibu, mama. Nilitaka libaki fumbo."

Nikabandika viazi jikoni. Vikaungua, tukala mkate.

Jumanne, 12 Machi

Kliniki ya macho, kwenye benchi. Bosi ndiye aliyewapigia simu, tukapata nafasi. Wifi naye kaambiwa, atapimwa kesho, amelia kisha akauliza kama Jumapili bado ipo. Ipo!

Mwalimu keshawekewa dawa ya matone, keshapulizwa upepo machoni, karuka kama paka. Mwanafunzi wangu angeruka hivyo ningemfelisha, kasema. Sasa tunasubiri daktari mwenyewe na majibu. Ili asifikirie, kanitungia fumbo: mwanamume kavaa shati safi, kachana nywele, haendi popote pazuri, na anacheka peke yake. Kwa nini? Kalewa? Hapana. Kafurahi? Hapana. Anaogopa? Ndiyo. Mkewe anajua kwamba anaogopa? Haihusiani, akasema, akanibinya kidole.

Muuguzi katoka. Kasimama kushoto kwa Mwalimu, karibu kabisa, kiasi kwamba angeweza kumgusa bega, anatabasamu na faili mkononi. Kamwita kwa jina taratibu. Mwalimu kakaza macho mbele, kwenye mlango uliofungwa. Kaninong'oneza: wameita kutoka ndani?

Nikamwambia yuko hapa, geuza shingo. Akageuza, akamsalimia kwa bashasha kama mtu aliyemwona tangu mwanzo.

Mgonjwa aliyetangulia bado anavaa koti, ndiyo nimepata nafasi ya kuandika haya. Muuguzi kaniuliza kama nami naingia. Mwalimu kajibu kabla yangu. Ndiyo.