Ndoo Tatu za Maji

Alhamisi, Februari. Mvua haijakata tangu juzi.

Leo nimeamka na hasira na nimeshinda nayo. Saa kumi ya jioni haijafika, mawingu yameziba dirisha, na ningewasha taa kama kungekuwa na umeme. Hakuna. Dizeli imekwama matopeni njia ya Laela, ndani ya lori, pamoja na dereva wake. Jenereta mpya ina siku tatu tu tangu izinduliwe na leo imelala njaa.

Nilicheka niliposikia. Nilicheka peke yangu barabarani mpaka mama mmoja mwenye kikapu cha ulezi akanipisha njia.

Makaa ya mawe yanachimbwa hapa hapa, upande wa Namanyere, mwendo wa asubuhi moja kwa lori. Dizeli inavuka bahari, inapita Mbeya, inapita Tunduma, halafu inazama kwenye tope la Ufipa. Ukiuliza kwa nini, unaambiwa huelewi maendeleo. Wachimbaji wa makaa walishagawiwa majembe tangu Desemba. Wale watu wanajua mwamba utaangukia wapi kabla haujaanguka, na sasa wanafundishwa kupanda mahindi kwa mstari na kijana aliyeyasoma mahindi darasani.

Sitajidanganya kwamba kazi yetu ilikuwa nzuri. Miaka tisa nimechochea moto kwenye boila la umeme la mji huu, na miaka tisa nimetema mate meusi. Mke wangu alikuwa anafua shati langu mbali na nguo nyingine. Nikipanda kilima cha kwetu Kasense kifua kinalia. Ila tuliijua kazi ile. Taa za bomani na za hospitali zilipowaka, tulijua ni mikono yetu.

Jenereta ilipoletwa kuchukua nafasi ya boila, wakubwa waliamua boila lisitupwe. Lingepelekwa Kate, kwenye kijiji kipya cha ujamaa, liendeshe mashine ya kusaga. Wachochea moto watatu wangeenda nalo na kubaki na kazi yao. Sisi wengine, shambani.

Orodha ilisomwa na msimamizi wetu, aliyekuja kutoka Mbeya mwaka juzi. Sisi tunamwita Peni Mbili, kwa sababu huweka kalamu mbili mfukoni na sijawahi kuona zote zikiandika. La kwanza lilikuwa jina la Mzee Kasunzu, mkuu wa wachochea moto, na hapo hakuna aliyenung'unika. Yakafuata majina mawili ya watu waliokuja kazini nyuma yangu. Langu halikuwemo.

"Ndugu Oresti, wewe bado una nguvu," akasema mbele ya wote. "Jembe linakufaa."

Walicheka. Sijasahau nani alicheka.

Sasa niandike kuhusu Jumatatu, maana ndiyo iliyonikalisha hapa.

Moto wa boila hauzimwi kwa maji. Unaacha kuulisha, unafunga hewa, unaukomba kidogo kidogo, halafu unangoja chuma kipoe chenyewe. Siku mbili, wakati mwingine tatu. Mzee Kasunzu aliniambia hivyo siku yangu ya kwanza kazini, kabla hata hajanipa beleshi. Baba yake alikuwa myeyusha chuma, mmoja wa wale waliojenga matanuru marefu ya udongo ambayo magofu yake bado yamesimama vilimani huko Kate. Kwao, mtu aliyekaribia tanuru na maji alifukuzwa, na moto ulizimwa na yule yule aliyeuwasha, bila haraka na bila watazamaji. Majembe ya dukani yalipokuja, tanuru la baba yake likapoa na halikuwashwa tena. Mzee aliichukua desturi ile akaileta kwenye boila letu la kizungu, na sisi wote tukaishika.

Ijumaa Mzee alitaka tuanze kuuacha moto upoe. Peni Mbili akakataa. Mgeni rasmi alikuwa anakuja kuzindua jenereta, na kwanza auzime moto wa zamani kwa mkono wake, watu waone. "Mgeni atazima nini kama hakuna moto?" Hakusema atauzimaje. Mzee alidhani mgeni atafunga tu mlango wa hewa na kupigiwa makofi.

Jumatatu asubuhi Mzee alipangwa nje na wazee wengine, kumpokea mgeni. Mimi niliachwa ndani niuchochee moto uwake vizuri. Nilivaa shati la kuazima, jeupe, la kupigiwa picha.

Peni Mbili akaingia na ndoo tatu zilizopakwa rangi ya kijani. Zilijaa maji. Akazipanga mbele ya mlango wa moto wa boila, akajifuta mikono, akanigeukia. Kwa mara ya kwanza katika miaka miwili aliniuliza jambo la kazi.

"Maji haya yanatosha?"

Nilikuwa na muda wa kumjibu. Nje walikuwa bado wanaimba wimbo wa kwanza.

"Yanatosha, Ndugu."

Ndivyo nilivyosema. Nilijua mvuke utawarukia na majivu yatamharibia mgeni suti, na aibu yote itamwangukia mwenye peni mbili. Nilitaka hivyo. Nilitaka sana. Nilifikiri pia kwamba matofali ya ndani yatapasuka, na matofali hubadilishwa. Zaidi ya hapo sikufikiri, au nilifikiri nikanyamaza, leo siwezi kutofautisha.

Mgeni akaingia, akamwaga ndoo ya kwanza motoni, ikatoa kishindo. Aliruka nyuma, suti ikawa ya kijivu, na watu waliokuwa mlangoni wakapiga makofi wakidhani ndivyo inavyotakiwa. Akamwaga ya pili. Ya tatu akasaidiwa. Nilikuwa nimesimama ukutani nikijizuia kucheka. Ndipo nikasikia chuma kikilia ndani, mlio mfupi, kama chungu kilichotiwa maji ya baridi kikiwa bado motoni.

Peni Mbili hakupata aibu yoyote. Mgeni alimpa mkono.

Leo asubuhi fundi alitoka ndani ya boila akiwa mweusi mpaka masikioni, akasema bamba la nyuma limepasuka na mabomba yanavuja. Haliendi Kate. Haliendi popote. Habari ya mashine ya kusaga imeishia hapo, na wale watatu wataenda Kate hivyo hivyo, kulima. Lori lao linaondoka kesho saa mbili asubuhi, tope likiruhusu.

Peni Mbili alikuwa ameshaandika maelezo, safari hii nadhani kwa kalamu zote mbili. Wachochea moto hawakutoa tahadhari. Mkuu wao ni Mzee Kasunzu. Mzee aliitwa ofisini, akasomewa mbele yetu akiwa amesimama, kofia mkononi, mtu wa umri wa baba yangu. Hakubisha. Alitia dole gumba kwenye karatasi, akatoka.

Nilimkuta kwenye ukuta wa nyuma wa ofisi, amekingwa na bati, mvua inamlowesha viatu.

"Shikamoo, Mzee."

"Marahaba." Akakung'uta maji kofiani. "Oresti, wewe ulikuwa mle ndani. Ulijua wanaleta maji?"

"Sikujua, Mzee. Niliona tu yanamwagwa."

"Na ulijua maji yatafanya nini?"

Nikamwambia hapana. Nikamwambia nilidhani chuma kinavumilia.

Hakunikasirikia. Ningetamani anitukane, ningetamani anipige kofi. Alitikisa kichwa kwa masikitiko, na masikitiko yale hayakuwa juu yangu.

"Basi sikukufundisha vizuri, mwanangu," akasema. "Ni kosa langu. Nisamehe."

Aliniomba msamaha. Mimi.

Nikamwitikia, "Hapana neno, Mzee." Nikaondoka.

Tangu nifike nyumbani nimejaribu kumchukia Peni Mbili, na ninamchukia kweli. Ninamchukia mgeni na suti yake. Ninaichukia jenereta iliyolala njaa kule. Nimewapitia wote mmoja mmoja, na kila nikimaliza namrudia mzee mwenye kofia mkononi, ambaye atapanda lori akiamini kwamba mwishoni mwa kazi yake alisahau kumfundisha mtu jambo la kwanza kabisa.

Hakusahau. Alinifundisha kabla ya kunipa beleshi.

Mvua inazidi. Kutoka hapa Kasense mpaka mahali lori linapopakia ni mwendo wa saa moja kwa mguu, kwenye tope labda saa moja na nusu. Nimeshaanza kujiambia kwamba tope ni baya sana. Je, kesho saa mbili nitakuwa nimesimama mbele ya Mzee nikimwambia kwamba nilijua, au nitakuwa hapa mezani naandika habari za mvua?