Protini Imepanda

Jumanne 3/6/2025
Zahanati leo wamekuja watu wa utafiti kutoka Mbeya. Wanawatafuta wanaotumia ugoro. Jirani yangu Roza kanisukuma mbele — "Mwenyekiti wao huyu hapa!" Watu wakacheka. Kijana wao Justine ana adabu, kanipa kichupa niteme mate mpaka kwenye mstari. Eti wanapima protini. Kanimulika mdomoni na tochi. Kale kaweupe ndani ya shavu, pale ninapoweka ugoro, kakaangalia muda mrefu. Nikamwambia hakaumi, kapo tangu mavuno ya mwaka jana.
Roza anasema mate yangu yatafika maabara, mimi mwenyewe hata Iringa sijafika.
Kanichoma. Mjukuu wangu ana miezi minne, yuko Kalenga, hukohuko Iringa, namwona kwenye simu tu.

Jumapili 8/6
Yudith hajapiga. Mwanangu huyo alisema, mama, ukija na ugoro wako, mtoto humbebi. Nikajibu basi siji. Mdomo wangu huu! Kwetu bibi ndiye anamtemea mjukuu mate kidogo pajini, phu, ndiyo baraka. Na kapewa jina langu, Nyamizi. Jina analo, harufu yangu haijui.

Jumatano 18/6
Justine kapiga! Nilikuwa naanika mpunga. Kasema majibu yametoka mama, protini kwenye mate yako zimepanda, uje Mbeya Ijumaa ya wiki ijayo. Zimepanda! Nikamshukuru sana. Yeye kaniuliza mara mbili kama nimemwelewa. Mtandao labda.
Yudith alipokuwa mdogo manesi walinigombeza kila kliniki — mtoto hana protini, mpe maharage, mpe yai. Leo mimi hata mate yana afya! Nimeweka ugoro wa furaha.
Halafu nikapata sababu ya kumpigia Yudith. Nikamweleza yote, na kaweupe pia. Hakucheka. Nilimsikia mtoto anapumua kwenye simu. Kasema, mama, mpigie tena huyo kijana. Muulize protini gani.

Alhamisi 19/6
Siyo za maharage.
Justine kanielewesha polepole. Protini ziko nyingi, hizi zikizidi kwenye mate ya mtu wa ugoro, mdomo lazima uangaliwe. Inaweza kuwa saratani, inaweza isiwe. Mate peke yake hayatoshi, mpaka wakate kinyama kidogo wakapime.
Nikauliza, mate yanaambukiza? Hapana mama. Nimeuliza mara tatu. Mara zote hapana.
Sijala.

Jumatatu 23/6
Kopo la ugoro nimempa Roza anifichie. Hakunitania hata kidogo. Hiyo ndiyo imenitisha.
Ubatizo wa mtoto ni Jumapili hii. Mkwe wangu Liberatus kapiga mwenyewe, mama njoo kama ulivyo. Kama nilivyo! Nimelia juu ya mpunga. Ijumaa Mbeya, Jumamosi Iringa — wakiniachia. Magari hapa Chimala yanapita huku na huku, moyo wangu unapanda ya Iringa tu.

Ijumaa 27/6
Hospitali, Mbeya. Baridi ya huku! Kidole kinakwenda mdomoni chenyewe kutafuta ugoro, nakirudisha. Kwenye mfuko nina kanga mbili za mtoto. Nimezifua mara mbili zisinuke.
Daktari ni mama wa makamo, kanichoma sindano ya ganzi shavuni. Kasema kaa benchi nje kidogo ishike, nitakuita. Nikamuuliza kesho nitasafiri? Kasema tuone kwanza.
Naandika hapa benchi. Mdomo unakuwa mzito, kama wa mtu mwingine.
Simu. Yudith. Sauti imemkauka. Kasema, mama, nimemwekea simu pajini. Mtemee.
Nikamwambia nakuja kesho, nitamtemea mwenyewe. Maneno yalitoka yamepinda, sijui kama kaelewa. Kasema, mtemee sasa hivi mama, tafadhali.
Nikasogeza simu. Phu!
Midomo siisikii. Sijui kama kimetoka kitu. Mate yamenishuka kidevuni, nimejifuta na kanga ya mtoto, jamani, ile niliyofua — nasikia kule anacheka, Nyamizi anacheka, na huku mlango umefunguka wananiita jina hilohilo